Kupima Maji Yaliyomo Udongoni: Jinsi ya Kutia Chombo Ardhini na Kukisahihisha

Wasomaji wetu wengi walimao kwa maji ya mfereji, ya kisima au ya pampu wamekwisha kuona vyombo vidogo vya kupimia maji yaliyomo udongoni. Vyauzwa madukani, vyaletwa na mabwana shamba na mabibi shamba, na katika skimu kadha wa kadha za umwagiliaji vimo shambani tayari. Twaona yafaa kueleza kwa urefu jinsi vinavyofanya kazi, jinsi ya kuvitia ardhini, na jinsi ya kuvisahihisha, kwa kuwa chombo cha namna hii ni mshauri mwema kwa mtu anayekijua, na ni mshauri mwongo kwa mtu aliyekichomeka ovyo. Mkulima asiye na chombo hutegemea macho yake na mkono wake, na akiwa na shaka huuliza. Mwenye chombo kibovu haulizi, maana huiamini hesabu kuliko macho yake.

Jambo hili si la mtu mmoja peke yake. Mfereji ni mmoja na wenye mashamba ni wengi. Mtu wa juu akimwagilia siku mbili kupita haja yake, mtu wa chini hukosa zamu, na kesi huletwa kwa mzee wa mfereji au kwa chifu. Hata mito mikubwa yaweza kushindwa. Mto Ruaha Mkuu wa Tanzania, ambao zamani ulikuwa ukipita mwaka mzima, ulianza mwaka 1993 kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na maji yaliyochukuliwa kwa mashamba ya bonde la Usangu yalihesabiwa kuwa miongoni mwa sababu zake. Basi kujua kama shamba lina kiu au halina ni haja ya mkulima, na ya jirani yake, na ya wote wakaao chini ya mto.

MAJI HUKAAJE UDONGONI

Udongo si kitu kimoja kigumu. Ni chembe za mawe yaliyosagika, pamoja na mabaki ya majani na mizizi, na kati ya chembe hizo mna nafasi ndogo ndogo. Nafasi hizo hujaa maji au hewa. Mvua kubwa ikinyesha karibu nafasi zote hujaa maji. Lakini baada ya siku moja, mbili au tatu, maji ya ziada hushuka chini kwa uzito wake, na yanayobaki hushikwa na udongo. Hapo twasema shamba limeshiba. Kisha mizizi huanza kuyanywa yale yaliyobaki, na kila siku mmea hulazimika kuyavuta kwa nguvu zaidi, hata siku moja nguvu za udongo hushinda nguvu za mmea. Mmea hunyauka, na usiku ukija hauinuki tena. Hapo maji bado yamo udongoni, walakini hayapatikani, kama fedha iliyofungiwa katika sanduku lisilo ufunguo.

Kiwango cha shibe na kiwango cha kunyauka havilingani katika kila udongo. Tukichukua sehemu 100 za ujazo wa udongo wa mchanga ulioshiba, maji ndani yake huwa kama sehemu 10 tu, na mmea hunyauka yanapobaki kama 5. Udongo wa tifutifu hushiba kwa sehemu 25 hata 30, na mmea hunyauka penye 12 au 13. Mfinyanzi hushiba kwa sehemu 35 hata 40, lakini mmea hunyauka ndani yake penye sehemu 20 na zaidi, kwa kuwa mfinyanzi ni mchoyo, hushika maji mengi na kuyanyima. Basi hesabu ya 20 katika mia ni zaidi ya shibe katika mchanga, ni hali ya katikati katika tifutifu, na ni kiu katika mfinyanzi. Hili ndilo neno la kwanza la kukumbuka: hesabu ya chombo haina maana mpaka ujue ni ya udongo gani.

Wazee wa pwani waliuita unyevu wa ardhi rutuba, neno lililotoka katika Kiarabu lenye maana ya majimaji. Siku hizi neno hilo latumika zaidi kwa ardhi yenye chakula kingi cha mimea. Maana hizo mbili zakaribiana, kwani chakula cha mmea huingia mizizini kikiwa kimeyeyuka katika maji.

VYOMBO VYENYEWE

Vyombo vinavyotumika zaidi ni vya namna tatu.

Cha kwanza ni tensiometa. Ni bomba lililojaa maji, chini lina kikombe cha kigae chenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na juu lina saa yenye mshale. Udongo ukikauka huyavuta maji kupitia katika kigae, na mshale huonyesha nguvu za mvuto huo kwa kilopaskali. Sifuri maana yake udongo umejaa maji. Kadiri hesabu ipandavyo ndivyo mmea unavyopata taabu. Chombo hiki hakisemi maji ni kiasi gani, bali chasema ni magumu kiasi gani kuyapata. Mwisho wake ni kama kilopaskali 80. Ikipita hapo hewa huingia bombani na mshale huanguka, na asiyejua hudhani shamba limepata maji.

Cha pili ni kipande cha jasi chenye nyaya mbili ndani yake. Bouyoucos na Mick wa Michigan, Marekani, walieleza namna hii ya kupima mwaka 1940. Jasi hunywa maji ikiwa udongo una maji, na huyatoa udongo ukikauka. Umeme hupita kwa urahisi katika jasi yenye maji na kwa shida katika jasi kavu, basi kwa kupima ugumu huo twajua hali ya udongo. Jasi huyeyuka polepole ardhini, hivyo baada ya miaka michache kipande lazima kibadilishwe.

Cha tatu ni kile chenye vijiti vya chuma, au ubao mwembamba, kinachotumia tabia ya umeme katika maji. Maji yana uwezo wa kushika nguvu za umeme kama mara 80 kuliko nafasi tupu. Chembe za udongo mkavu ni mara 3 hata 5 tu. Hewa ni 1. Kwa hiyo maji yakiongezeka kidogo, chombo huona tofauti kubwa. Mwaka 1980 Topp, Davis na Annan, wataalamu wa Kanada, walitoa kanuni ya kugeuza kipimo hicho kuwa kiasi cha maji, na vyombo vingi vya siku hizi vimejengwa juu ya wazo hilo. Hivi ndivyo vinavyosema moja kwa moja, "maji ni sehemu 25 katika mia," na hivi ndivyo vinavyohitaji kusahihishwa zaidi.

Kupima maji ya udongo si kazi ngeni katika nchi zetu. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wa utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki, waliokuwa na makao Muguga karibu na Nairobi, walifuatilia habari za maji katika mabonde ya Kericho, Kimakia na Mbeya, wakitaka kujua ardhi hufanyaje msitu ukiondolewa na chai, misonobari au mahindi kupandwa. Na katika kazi iliyoanza mwaka 2013, wataalamu wa Australia pamoja na wenzao wa Tanzania, Msumbiji na Zimbabwe waliwapa wakulima chombo kiitwacho Chameleon, yaani kinyonga, kisichotoa hesabu bali rangi: buluu kwa udongo wenye maji tele, kijani kwa udongo wa wastani, nyekundu kwa udongo mkavu. Kilitumika katika skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa, na wakulima wengi waliokitumia walipunguza mara za kumwagilia, maana waliona kwamba chini bado ni buluu siku walizokuwa wamezoea kufungulia maji.

KUCHAGUA MAHALI

Chombo hupima udongo unaokigusa tu, labda kiasi cha kujaa kikombe au bakuli. Kwa neno la bakuli hilo twahukumu ekari nzima. Basi mahali pa kukitia pasichaguliwe kwa ajili ya urahisi wa miguu.

Usikitie ukingoni mwa shamba, wala chini ya mti, wala juu ya kichuguu, wala penye njia ya ng'ombe, wala mahali maji ya mfereji yaingiapo kwanza, wala katika bonde dogo maji yanapotuama. Tembea shamba lote, chimba mashimo machache kwa jembe, utazame udongo ulio mwingi zaidi ni upi, kisha uchague mahali panapofanana na sehemu kubwa ya shamba, penye mimea ya afya ya wastani. Ikiwa shamba lina udongo wa namna mbili, yapasa kila namna iwe na vyombo vyake. Chombo na kikae katika mstari wa mimea, kati ya shina na shina, mizizi ilipo. Kwa wale wamwagiliao kwa matone, umbali wa sentimita 10 hata 15 kutoka tundu la maji wafaa.

Tena chombo kimoja hakitoshi. Tia viwili mahali pamoja kwa vina mbalimbali. Kwa mboga, kimoja sentimita 15 na kingine 30. Kwa mahindi, kimoja sentimita 20 au 30 na kingine 50 au 60. Cha juu hukuambia siku ya kufungulia maji, na cha chini hukuambia kama maji yamefika au yamepita.

KUKITIA ARDHINI

Kabla ya kuchimba, vijaribu vyombo vyote nyumbani. Vile vya vijiti vishike hewani usome, kisha vitumbukize katika ndoo kubwa ya maji, mbali na ukuta wa ndoo, usome tena. Vyombo vya namna moja vyapaswa kukubaliana. Kisichokubaliana na wenzake kiweke kando. Vipande vya jasi vilowekwe usiku kucha, na asubuhi vionyeshe maji tele. Tensiometa ijazwe maji yaliyochemshwa yakapoa, kwani kuchemsha hufukuza hewa iliyomo majini, na kikombe chake kilowekwe usiku kucha. Kisha fuata haya:

1. Chimba siku ambayo udongo una unyevu wa kiasi. Katika udongo mkavu kama tofali vijiti hupinda, na katika tope udongo hushindiliwa.

2. Kwa tensiometa na jasi, toboa shimo kwa kekee ya udongo lenye upana ule ule wa chombo, usilizidishe. Udongo unaotoka uuweke kwa mafungu, wa juu mbali na wa chini.

3. Chukua udongo wa chini ya shimo, uondoe mawe, uukoroge kwa maji uwe kama uji mzito, umimine kidogo shimoni, kisha ukizamishe chombo ndani yake. Uji huo hukikumbatia chombo pande zote.

4. Kwa chombo cha vijiti, chimba shimo la upande, ukachomeke vijiti katika ukuta wa shimo ambao haujaguswa na jembe, kwa kina ulichokusudia. Sukuma sawasawa mpaka vijiti viingie vyote. Usitikise kushoto na kulia, kwani kila mtikiso huacha ufa. Ukigonga jiwe, toa uhamie mahali pengine, usilazimishe.

5. Rudisha udongo kwa mafungu kama ulivyotoka, wa chini chini na wa juu juu, ukishindilia kidogo kidogo hata uwe mgumu sawa na ulivyokuwa. Juu fanya kifuniko cha udongo kilichoinuka kidogo, maji yasituame penye shimo.

6. Waya upindwe ushuke chini ya chombo kabla ya kupanda juu, ili maji yanayofuata waya yadondoke chini yasifike kwenye chombo. Kisha upitishwe ndani ya bomba gumu, kwa ajili ya panya na majembe, na mahali pawekwe mti wa alama.

Sababu ya uangalifu huu ni moja: adui mkubwa wa chombo ni nafasi ya hewa. Tumesema maji ni 80 na hewa ni 1. Ufa mwembamba kando ya kijiti hukifanya chombo kiseme udongo ni mkavu kuliko ulivyo. Kisha mvua ikinyesha, ufa ule ule hugeuka mfereji, maji hukimbilia chomboni, nacho husema udongo ni maji matupu. Udongo mweusi wa mbuga wataka uangalizi zaidi, maana hupasuka wakati wa jua, nao ufa hupenda kufuata mahali palipochimbwa. Ukiona hesabu inaruka juu ghafula baada ya maji na kuanguka ghafula baadaye, shuku ufa, ukaitoe na kuitia upya.

Ukiisha kukitia, usikiamini siku hiyo. Ngoja udongo ukae, mvua mbili au mamwagilio mawili yapite, ndipo uanze kuandika.

KWA NINI LAZIMA KISAHIHISHWE

Mtengenezaji alikisahihisha chombo chake kwa udongo wa kwao, au kwa udongo wa wastani wa vitabu. Udongo wako si huo. Mfinyanzi mwingi, chuma kingi kama katika udongo mwekundu, chumvi au magadi kama katika nchi kavu, na mboji nyingi, vyote hubadili mwendo wa umeme. Chumvi hasa hukifanya chombo cha bei nafuu kione maji yasiyokuwapo. Joto nalo lina kazi yake, ndiyo maana hesabu ya asubuhi na ya adhuhuri yaweza kutofautiana hali maji ni yale yale.

Tensiometa haina haja ya kusahihishwa kwa udongo, kwa kuwa hupima nguvu, lakini ina mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, maji yaliyomo bombani yana uzito: kwa kila sentimita 10 kati ya saa na kikombe, saa husoma kama kilopaskali 1 zaidi, basi ya kina cha sentimita 30 ipunguziwe 3 na zaidi kidogo. La pili, hewa ya nchi za juu ni nyepesi. Mahali palipo mita 1,500 juu ya bahari, uzito wa hewa umepungua kwa kilopaskali 16 au 17, na mwisho wa chombo hupungua kwa kadiri hiyo. Mtu wa huko asingoje mshale ufike 80.

JINSI YA KUSAHIHISHA

Msingi wa vipimo vyote ni mizani na moto. Udongo hupimwa ukiwa na maji, hukaushwa, hupimwa tena. Kilichopungua ni maji. Kanuni ya wataalamu ni kukausha katika jiko lenye joto la digrii 105 za sentigredi kwa saa 24. Asiye na jiko la namna hiyo atumie moto mdogo, akipima mara kwa mara mpaka uzito usipungue tena. Udongo ukianza kutoa moshi, joto limezidi na mboji yaungua. Hesabu hiyo itupwe.

Tengeneza pete ya chuma, au kopo lililokatwa juu na chini, lenye ncha kali. Tuseme upana wake wa ndani ni sentimita 7 na kimo chake sentimita 5 na desimali 2. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 200. Lisukume polepole katika udongo usiovurugwa, kwa kina kile kile cha chombo, umbali wa nusu mita hata mita moja nacho. Usichimbe karibu zaidi, usije ukakiharibia makao yake. Toa kopo, kata udongo usawa na midomo yake, utie katika mfuko usiopitisha hewa. Wakati huo huo soma chombo uandike.

Tuseme udongo wa kopo ulipimwa gramu 310, na ulipokauka ukawa gramu 260. Maji ni gramu 50, na gramu 50 za maji ni sentimita za ujazo 50. Gawanya kwa 200: maji ni sehemu 25 katika mia za ujazo. Hapa wengi hukosea. Hugawanya 50 kwa uzito wa udongo mkavu, 260, wakapata 19, wakasema chombo kinadanganya. Lakini 19 ni hesabu ya uzito, na chombo husema hesabu ya ujazo. Mwenye kutaka kugeuza ile ya uzito na azidishe kwa uzito wa kila sentimita ya ujazo ya udongo mkavu, ambao hapa ni 260 kwa 200, yaani gramu 1 na desimali 3. Atapata 25 ile ile.

Fanya hivyo mara tatu siku moja, mahali patatu karibu karibu, uchukue wastani, maana udongo hautoki sawa. Kisha rudia siku nyingine shamba likiwa limeshiba, likiwa la katikati, na likiwa kavu. Siku moja haitoshi: saa ya ukutani iliyosimama nayo husema kweli mara mbili kwa siku.

Tuseme umepata haya:

Chombo kilisema 40, kweli ilikuwa 33.
Chombo kilisema 31, kweli ilikuwa 25.
Chombo kilisema 22, kweli ilikuwa 17.
Chombo kilisema 14, kweli ilikuwa 10.

Chukua karatasi ya miraba, uandike hesabu za chombo chini na hesabu za kweli kando, utie nukta nne, upige mstari ulionyooka unaopita karibu na nukta zote. Mstari huo ndio sahihisho la chombo chako katika udongo wako. Nukta moja ikikaa mbali na wenzake, usiipinde kalamu kuifuata; kapime tena.

FAIDA YAKE KWA HESABU

Tuone sasa kosa dogo huzaa nini. Udongo wa mfano wetu hushiba penye 28 na mahindi hunyauka penye 13. Kati yao mna sehemu 15, na desturi njema ni kumwagilia nusu yake inapokwisha, yaani penye 20 na nusu. Mizizi iko katika sentimita 40 za juu. Asubuhi moja chombo chasoma 26. Mkulima asiyesahihisha asema, "Shibe ni 28, nimepungukiwa 2 tu, nitangoja." Mwenye mstari wake atazama karatasi, aona kwamba 26 ya chombo ni 20 na nusu ya kweli: leo ndiyo siku ya maji. Tofauti ya sehemu 5 na nusu katika sentimita 40 ni milimita 22 za maji, yaani lita 22 kwa kila mita ya mraba, na katika ekari moja ni kama lita 89,000. Mkulima yule anayahesabu maji hayo kuwa akiba, nayo hayamo. Ikiwa mahindi yanatoa mbelewele wakati huo, siku chache za kungoja zaweza kumpunguzia magunia mengi.

Chombo kikikosea kwa upande wa pili, hasara ni ya namna nyingine. Mkulima humwaga maji juu ya shibe, maji hushuka chini ya mizizi, nayo huchukua mbolea ya naitrojeni aliyoinunua kwa fedha. Mahindi huwa ya manjano, naye hununua mbolea nyingine, hali jirani wa chini hana maji.

KUSOMA NA KUTUNZA

Soma saa ile ile kila siku, afadhali asubuhi mapema. Andika katika daftari tarehe, kina, hesabu, mvua na siku za kumwagilia. Mali bila daftari huisha bila habari, na maji ni mali. Baada ya majuma machache daftari litasema. Cha juu kikishuka na kupanda, na cha chini kikitulia, unamwagilia vyema. Cha chini kikipanda kila mara ufunguliapo maji, unazidisha. Cha chini kikishuka siku zote bila kupanda, maji yako hayafiki mizizi ya chini.

Usiache mkono wako. Mara kwa mara chimba udongo kwa kina cha chombo, uukamate na kuuminya. Tifutifu lililoshiba hufanya donge na kuacha unyevu kiganjani, likifika nusu hufanya donge linalovunjika kwa urahisi, likikauka halishikani. Mkono ukipinga chombo, usimkatae shahidi yeyote upesi. Leta mizani ihukumu. Sahihisho lirudiwe walau kila mwaka, na kila mara shamba likilimwa na chombo kutiwa upya.

KWA WALIMU, MACHIFU NA WAZEE WA MIFEREJI

Mwalimu aweza kuwafundisha wanafunzi kazi hii kwa ndoo. Pima kilo 13 za udongo uliokauka kabisa, uushindilie mpaka alama ya lita 10, usome chombo. Utoe, uchanganye na lita 1 ya maji, uufunike usiku mmoja, uushindilie tena mpaka alama ile ile: sasa maji ni sehemu 10 katika mia. Ongeza lita nyingine, yawe 20. Watoto watajifunza ujazo, uzito, asilimia na michoro kwa jambo lenye faida nyumbani kwao, na shule itakuwa na mstari wa udongo wa kijiji ambao wazazi waweza kuunakili.

Kwa machifu na wazee wa mifereji neno letu ni hili. Siku zaja, na mahali pengine zimekwisha kuja, ambapo mtu atasimama barazani na kusema, "Chombo changu chaonyesha shamba langu ni kavu, nipeni zamu." Kabla ya kumkubali au kumkataa, muulizeni mambo matatu: chombo kimetiwa wapi, kwa kina gani, na kimesahihishwa kwa udongo upi. Vyombo vya zamu na viwekwe mahali ambapo wa juu na wa chini wamepakubali, visahihishwe mbele yao, na visomwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Mashamba yenye udongo wa namna mbalimbali yasipimwe kwa hesabu moja, kwani 20 ya mchanga na 20 ya mfinyanzi hazifanani hata kidogo. Yakifanyika hivyo, chombo kitapunguza maneno mfereji unapopungua maji. Yasipofanyika, kitaleta ugomvi mpya penye ule wa zamani.